Bobini Zilizolala Dirishani

Mkija kwangu, semeni kwa sauti. Sikio langu la kushoto lilibaki kiwandani, na la kulia linafanya kazi nusu siku kama karani mvivu. Wajukuu wanajua pa kukaa. Mwenye siri aiache nyumbani kwake, maana ukiniambia mimi, jirani wa nyumba ya tatu naye ameipata.

Neema, mtoto wa binti yangu, anasoma Lubumbashi. Likizo iliyopita alinionyesha kwenye simu picha za nyuzi wanazotengeneza huko. Wanayeyusha plastiki kwenye dawa mpaka iwe majimaji, wanaitia kwenye bomba la sindano, wanaunganisha ncha ya sindano na umeme mkali. Yale majimaji yanaruka yenyewe hewani, yanajivuta, yanakauka njiani, na yakitua kwenye bati yamekwisha kuwa uzi mwembamba ambao jicho haliwezi kuukamata. Nilimwomba arudie mara mbili, na safari hii haikuwa kosa la sikio. Kwetu sisi umeme ndani ya pamba ulikuwa adui wa kila kiangazi, na hawa watoto wameufanya mtumishi wao.

Na leo ameniambia lililomleta. Siku moja nyuzi zake zinatoka laini, sawasawa. Siku nyingine dawa ni ileile, umeme uleule, sindano ileile, lakini zinatoka na vinundu kama shanga. Mwalimu wake amemwambia kwamba huo ni uzembe.

Neno hilo lilinichoma. Niliwahi kulisikia likitamkwa juu ya mtu ambaye hakustahili, na karatasi iliyomshitaki ilikuwa na saini yangu mimi. Basi, Neema, na ninyi wengine mnaoanza kazi, sogeeni upande wa kulia niwaeleze.

Kiwanda chetu kilikuwa hapa Kalemie, hatua chache kutoka ziwani. Ilikuwa enzi za Zaire, wakubwa wakivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, na sisi sote tukiitana Sitwayeni, yaani Raia, hata ukimtukana mtu. Pamba ilishuka kwa treni kutoka bara, na baadaye ikaanza kuja pia poliesta, nyeupe kupita kiasi, katika mabunda yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Tulizichanganya mbili hizo. Ukumbi wa kusokota ulikuwa chini, mrefu, na kelele yake ilikuwa kubwa hivi kwamba watu waliongea kwa midomo na vidole. Labo, yaani maabara, ilikuwa ghorofani, chumba kimoja chenye dirisha pana linalotazama ziwa. Huko ndiko nilikofanya kazi mimi, mwanamke peke yangu, na wengi walikuwa wakingoja kwa hamu siku nitakaposhindwa.

Kazi yangu ilikuwa kupima uzi. Nilikuwa na mizani, kioo cha kukuzia, na mashine ya chuma iliyovuta uzi taratibu mpaka ukatike, mshale ukionyesha nguvu yake. Niliandika, nikatia saini, nikapeleka kwa Shefu wa uzalishaji. Nilijivuna, sifichi. Nilinyoosha kalamu zangu mezani zote zikitazama upande mmoja.

Aliyenifundisha uzi hasa hakuwa wa labo. Alikuwa Papa Kabwe, kapita, yaani msimamizi, wa ukumbi wa kusokota, mtu wa Nyunzu, bara mbali na ziwa, mfupi, mwenye upara unaong'aa na kitana cha plastiki kisichotoka mfukoni. Wageni walicheka: mtu huyu anachana nini? Kitana kilikuwa kipimo chake. Alikisugua kwenye mkono wa shati, akakisogeza karibu na vumbi la pamba lililotanda sakafuni. Vumbi likiruka kutoka mbali na kung'ang'ania kitana, ukumbi ulikuwa mkavu. Likikaa palepale, hewa ilikuwa nzuri.

Alinieleza kwa nini. Uzi si kitu kimoja, ni maelfu ya nyuzinyuzi fupi zilizosukumwa kulala pamoja na kusokotwa ili zishikane. Hewa ikiwa na unyevu, zinalala kwa utulivu. Hewa ikikauka, zikisuguana kwenye mashine zinajaa umeme, hasa poliesta, na kila moja inamchukia mwenzake. Zinasimama, zinarukia magurudumu ya mashine, zinajizungusha humo. Nilipeleka uzi wa hewa nzuri na uzi wa hewa kavu chini ya kioo cha kukuzia, nikaona kwa macho yangu: wa kwanza umefungika safi, wa pili una ndevu pande zote na pengo hapa na pale. Malighafi moja, mashine moja. Alinifundisha pia kwamba ukiongeza mwendo wa mashine kuliko kiasi, uzi unapata moto na kujivuta vibaya. Ukiusokota kupita kiasi, unajikunja wenyewe kama nywele za mtoto. Kila kosa lina sura yake katika uzi. Papa Kabwe alizijua sura hizo kwa kupitisha uzi kwenye mdomo wa chini, na mimi hadi leo nikinunua shati sokoni naligusisha mdomoni, muuzaji anadhani nataka kulila.

Ili hewa isikauke, darini mwa ukumbi kulikuwa na mabomba yaliyotoa maji kama ukungu. Tuliyaita mvua. Wafanyakazi waliyalalamikia, kwa sababu joto la mashine pamoja na ukungu vilimfanya mtu atoke amelowa kama aliyevuka mto. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa kiangazi, pampu ya mvua ikafa. Kipande kilichovunjika hakikupatikana.

Papa Kabwe akatafuta njia. Akafungua madirisha yote ya upande wa ziwa. Kwa mtu wa Nyunzu, upepo unaotoka kwenye maji mengi namna ile lazima uje na maji ndani yake. Watu wakafurahi, wakapata upepo. Lakini uzi ukaanza kukatika. Kila alipoona unakatika zaidi, alifungua dirisha jingine. Alichomoa hata vioo vya madirisha yaliyokwama.

Hapo sasa mnione mimi nilivyokuwa. Mwenzangu aliyenitangulia labo aliniachia desturi yake: bobini za majaribio, vile vibiringo vilivyozungushiwa uzi, zikusanywe alasiri, zipangwe kwenye kikapu dirishani, zipimwe asubuhi, akili ikiwa imepumzika. Nami nikaifuata miaka yote bila kuiuliza swali. Kiangazi kile nilipima kila asubuhi, na kila asubuhi mshale ulisema uzi una nguvu. Nikaandika hivyo. Siku moja Papa Kabwe alipanda ngazi, pamba imemjaa kwenye nyusi, akashika karatasi yangu.

"Mama, hii uzi unasema iko nguvu, ni uzi ya wapi? Ya kwangu inakufa mu mikono."

"Papa, mashini haina ndugu," nikamjibu. "Inasema vile inaona."

Akatikisa kichwa, akashuka. Nililipenda jibu langu. Jioni nilimsimulia mume wangu nyumbani, tukacheka. Nikilikumbuka leo nataka kujificha chini ya kitanda.

Shefu naye alikuwa mgeni kwetu, ametoka Kinshasa, mtu msafi, abakosti yake ya kitambaa cha poliesta ikiwa na mikunjo iliyonyooka. Aliita mkutano. Papa Kabwe akasema ukumbi umekauka, akatoa kitana kuonyesha. Shefu akasema kitana ni chombo cha nywele, na Papa hana nywele. Watu wakacheka, hata mimi. Kisha akainua karatasi yangu juu: labo inasema uzi ni mzuri, na uzi mzuri unakatika mikononi mwa watu hawa, basi ni uzembe, na kama si uzembe ni sabotaji, hujuma ya makusudi. Kicheko kikaisha. Miaka ile neno sabotaji lilikuwa halikomei kwenye lango la kiwanda. Lingeweza kumfuata mtu hadi nyumbani, na kutoka nyumbani kumpeleka mahali ambapo mke wake angemtafuta kwa kuuliza uliza. Papa Kabwe na watu kumi na mmoja wa kikosi chake wakapewa mpaka Jumamosi. Siku hiyo wangefukuzwa kazi, na barua ya kuwashitaki ingepelekwa serikalini.

Ilikuwa Jumatano. Nilirudi nyumbani. Najiambia: mimi nimeandika nilichoona. Najiambia tena. Mtu mwenye haki halazimiki kujiambia mara nyingi hivyo.

Mimi ni mtoto wa Zongwe, kijiji cha ziwani. Nimekua nikianika ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, ufukweni, nimewafukuza kunguru kwa mawe kabla sijajua kuhesabu. Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya mapumziko, na asubuhi nilichukua ndakala kavu kwenye beseni lililolala nje barazani ili nipike. Nikamkunja samaki mmoja kumtoa kichwa. Akapinda tu kama mshipi wa ngozi. Nikakasirika, nikadhani mwanamke wa sokoni ameniuzia ndakala mbichi. Nikaliacha beseni palepale kwenye upepo, nikafanya kazi nyingine. Mchana nikarudi, nikamkunja mwingine. Akavunjika pa! vipande viwili.

Nilibaki nimeshika vile vipande. Samaki ni wale wale. Usiku walikunywa unyevu wa hewa, mchana upepo ukawanyang'anya. Na upepo wenyewe ni upi? Ni ule ule wa ziwa. Utoto wangu wote tuliutegemea upepo huo ukaushe ndakala kwa siku moja wakati wa kiangazi, na mimi, mtoto wa Zongwe, nimekaa kimya wakati mtu wa Nyunzu anaufungulia madirisha ili umletee maji! Upepo wa kiangazi ukiingia katika ukumbi uliojaa joto la mashine unazidi kupata kiu, na kinywaji kilichoko humo ni uzi. Na zile bobini zangu zilizolala dirishani zilikuwa zikinywa usiku kucha. Pamba ikiwa na unyevu inaongezeka nguvu. Baba yangu hakuwahi kuuvuta wavu mpya wa pamba kabla hajauchovya ziwani, na nilikuwa namshikia upande wa pili. Nilijua kila kitu. Nilikuwa nimekiacha Zongwe, kama vile labo ina elimu yake na ndakala wana yao.

Sikupika. Nilivaa, nikaenda kiwandani siku ya mapumziko, nikatoa bobini mbili kwenye mashine moja, mchana uleule. Moja niliipima papo hapo ilipofika labo. Uzi ulikatika kabla mshale haujafika nilikozoea kuuona. Ya pili niliilaza kikapuni dirishani. Ijumaa asubuhi nikaipima: nguvu tele. Nikakaa kwenye kiti. Nitasema kweli, wazo la kwanza halikuwa Papa Kabwe. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba hakuna aliyeniona, na kwamba nikinyamaza, nitabaki na kalamu zangu zilizonyooka. Wazo hilo nilikaa nalo muda wa kunywa chai. Kisha nikaenda kumgongea Shefu.

Sikumweleza mengi, nilijua akikaa kwenye kiti chake hatasikia. Nilimwomba ashuke nami ukumbini saa sita mchana, dakika kumi tu. Mashine yangu ya kuvutia uzi ilikuwa nzito kama mfuko wa saruji ya Kabimba. Tuliishusha ngazi mimi na mlinzi wa lango, ngazi kwa ngazi, na kwenye ya mwisho ikaniangukia kidole gumba cha mguu. Ukucha uliota tena, lakini kwa ukaidi.

Papa Kabwe alikuwa amesimama kati ya mashine zake, mikono nyuma, kama mtu anayeaga. Shefu akaingia. Kabla sijafunga uzi wa kwanza, pamba ikaanza kumrukia. Ile abakosti ya poliesta, kwa kusuguana na mwili wake akitembea katika hewa ile kavu, ilikuwa imekuwa kitana kizima. Vumbi lilitoka sakafuni, likatoka juu ya mashine, likamkalia mabegani, tumboni, kwenye mikunjo iliyonyooka. Alijipangusa, likaja jingi zaidi. Akashika chuma cha mashine, umeme ukampiga kidoleni. Mwisho alikuwa mweupe kama kuku. Hakuna aliyecheka. Watu kumi na wawili walikuwa wanauma midomo.

Nikafunga uzi, nikavuta. Ukakatika mapema. Wa pili, vivyo hivyo, wa tatu, hivyo hivyo. Kisha nikatoa mfukoni bobini iliyolala dirishani, niliyokuwa nimeifunga kwenye kitambaa chenye maji kidogo isikauke njiani. Uzi wake ukaenda, ukaenda, mshale ukapanda. Nilimwonyesha kwa kidole. Akaniashiria tutoke nje, kwenye ukimya, na Papa Kabwe akatufuata bila kuitwa.

"Sasa, makaratasi yako yote ni uongo?" Shefu akauliza.

Mdomo ulinikauka kuliko ule ukumbi.

"Niliandika vile mashini ilisema," nikajibu. "Lakini niliiuliza fasi mubaya. Uzi nilipima haikuwa uzi yenye hawa bantu wanafanya nayo kazi. Mbele sikujua. Tangu jana najua, na nikinyamaza leo, njo itakuwa uongo."

Shefu akamgeukia Papa Kabwe, akamuuliza nani alifungua madirisha. Papa hakungoja.

"Ni miye," akasema. "Nilizani ziwa itatusaidia. Nilikosea. Lakini sabotaji, hapana, Sitwayeni. Hiyo hapana."

Tulisimama pale watatu, mmoja akiwa na manyoya ya pamba mwili mzima, na wawili tumekiri makosa yetu. Shefu alijitoa pamba puani. Akasema madirisha yafungwe. Jumamosi ikafika, barua haikutoka. Hakumwomba radhi mtu yeyote, wala sisi hatukungoja kitu hicho.

Tulifunga madirisha, tukarudisha vioo vilivyochomolewa, tukatundika magunia yaliyolowa kati ya mashine, tukawa tunamwaga maji sakafuni kwa kopo kila saa, mpaka fundi mmoja wa Kabimba alipochonga kipande cha pampu kwa mkono. Joto lilikuwa la kuua. Wale wale kumi na mmoja niliowaokoa walikuwa wa kwanza kulalamika kwamba Mama Labo amewapika kama muhogo. Uzi ukashikana.

Mimi nilipewa ufagio. Shefu alisema mtu aliyeleta karatasi mbaya kiangazi kizima hawezi kubaki labo. Nilifagia pamba ya ukumbi ule kiangazi chote kilichobaki, na mvua za kwanza zikanikuta bado nafagia. Waliokuwa wakingoja nishindwe walipita kunitazama. Nililia, lakini chooni, nikanawa uso, nikarudi kwenye ufagio, na nikaamua nitafagia vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kufagia pale. Nilijua kila kona pamba inapojikusanya, na kwa hiyo nilijua kila kona hewa inapokauka. Nilianza kuandika hayo kwenye karatasi za kufungia sabuni. Na kila siku, saa sita mchana, Papa Kabwe alipita mbele yangu na kitana chake, akasimama, akanisalimu mbele ya watu wote: Mama Labo. Na ufagio ukiwa mkononi mwangu. Hakuniita jina jingine hata siku moja.

Aliyewekwa mahali pangu alipenda sana kutazama ziwa. Bobini akazirudisha dirishani. Alipoandika kwa mara ya tatu kwamba uzi mbovu ni mzuri, Shefu mwenyewe alishuka, akiwa amevaa shati la pamba safari hii, akaniambia nirudi juu.

Nikakataa. Nilimwambia nitarudi kwenye kazi lakini si kwenye chumba kile. Nikaomba meza iwekwe ukumbini, katikati ya mashine, uzi upimwe pale unapozaliwa, katika hewa yake, na juu ya kila karatasi, kabla ya nguvu ya uzi, iandikwe hewa ilikuwaje na ilikuwa saa ngapi. Akanionya kuhusu kelele. Papa Kabwe naye akanionya, kwa vidole, maana masikio yake yalikuwa yamekwisha kuwa mazito zamani. Meza ikashushwa. Nilikaa kwenye meza ile mpaka siku niliyostaafu, na sikio la kushoto ndilo lililokuwa karibu zaidi na mashine.

Sijutii. Mnaponihurumia mnapoteza huruma yenu bure.

Sasa, Neema, lete daftari lako. Naona umeandika umeme, umeandika umbali kutoka sindano hadi kwenye bati, umeandika dawa na kipimo chake, kwa mwandiko mzuri, mistari imenyooka kama kalamu zangu za zamani. Siku ya nyuzi laini imeandikwa, siku ya shanga imeandikwa, lakini hewa ya siku hizo siioni popote. Mwalimu wako nitamjibu baadaye. Kaa hapa upande wa kulia, useme kwa nguvu: siku ile ya shanga, Lubumbashi mvua ilikuwa inanyesha?